Hadithi Mia za Kanyangi Zitagharimu Shilingi Ngapi?

Kati ya hadithi kama 1,500 za Wakamba alizokusanya John Mbiti, ni 78 tu zilizoingia katika kitabu chake cha Akamba Stories, kilichotolewa Oxford mwaka 1966. Hiyo ni asilimia 5.2. Zaidi ya hadithi 1,400 zilibaki nje ya jalada. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakamba 4,663,910 nchini Kenya. Wagawe kwa zile 78, na kila hadithi moja iliyochapwa itabeba watu karibu 59,800, yaani uwanja wa Kasarani uliojaa hadi pomoni.

Siitaji asilimia hiyo ili kumlaumu Mbiti. Hata 78 ni nyingi ukijua kinachotakiwa ili hadithi moja itoke kinywani mwa bibi na ifike kwenye ukurasa. Swali langu ni la mhasibu. Kazi hiyo inakula siku ngapi, shilingi ngapi, karatasi ngapi? Na je, wadi moja, tuseme Kanyangi katika eneo bunge la Kitui Rural, inaweza kuimudu?

Tuanzie mbali kidogo, Urusi, kwa kuwa hesabu za huko ziko wazi. Alexander Afanasyev alizaliwa mwaka 1826, akasomea sheria Moscow, kisha akajijengea jina katika historia ya fasihi na ya masimulizi ya Warusi. Kati ya 1855 na 1863 alichapisha ngano karibu 600 katika sehemu 8. Ukigawanya kwa miaka hiyo 8 unapata ngano 75 kwa mwaka, zaidi ya 6 kila mwezi. Mtu mmoja aliwezaje? Jibu ni kwamba hakuwa mmoja. Ngano alizozisikia na kuziandika kwa mkono wake mwenyewe ni kama 10 tu. Nyingine nyingi alizipata katika hifadhi ya Chama cha Jiografia cha Urusi, kilichoundwa 1845, ambacho watu wa mikoani walikuwa wakikipelekea maandishi yao. Shehena nyingine kubwa ilitoka kwa Vladimir Dal, mtunga kamusi, aliyemkabidhi mkusanyiko wake bila choyo.

Kwa hiyo gharama ya kusikiliza ilikuwa imeshalipwa na wengine. Kilichomwangukia Afanasyev ni kuchagua, kulinganisha, kupanga, kutia maelezo, na kuvutana na wadhibiti wa serikali ambao hawakupenda hadithi zinazowacheka makasisi na mabwana. Mshahara wake haukutoka kwenye ngano. Ulitoka Wizara ya Mambo ya Nje, alikokuwa mtunza nyaraka. Mwaka 1862 alifukuzwa kazi hiyo kwa kushukiwa kuwa na uhusiano na wapinzani wa serikali waliokuwa uhamishoni. Akauza maktaba yake ili apate kula. Alifariki 1871 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 45.

Kumbuka mpangilio huo: ajira upande mmoja, hadithi upande wa pili, na ajira ikikatika hadithi nazo hukosa wa kuzilisha. Utauona tena Kitui, ingawa kwa sura ya heri zaidi.

Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, tarehe 30 Novemba 1931. Alisoma Alliance, kisha Makerere alikomaliza mwaka 1953. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alikuwa tayari na kitabu cha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Mwaka 1959 ukatoka msamiati wake wa Kiingereza na Kikamba. Kufikia hapo mtu angeweza kuapa kwamba Ukambani umepata mwanahistoria wa fasihi yake. Lakini digrii alizokwenda kuzisomea Marekani, na ile ya uzamivu aliyoipata Cambridge mwaka 1963, zilimwelekeza kwenye theolojia. Kutoka 1964 hadi 1974 alifundisha dini Makerere. Akamba Stories ilitoka katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1969 kikafuata African Religions and Philosophy, kitabu kilicholipeleka jina lake duniani kote, na mwaka 1970 kingine kuhusu namna makabila zaidi ya 200 ya Afrika yanavyomfahamu Mungu.

Mwaka 1974 alikwenda Uswisi kuongoza taasisi ya kiekumene ya Bossey. Akawa baadaye mchungaji katika mji wa Burgdorf na profesa Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki huko Oktoba 2019, akiwa na miaka 87. Hesabu miaka: kati ya Akamba Stories na kifo chake ni 53. Katika miaka hiyo yote aliyekuwa na hadithi 1,500 mikononi, na aliyeijua lugha na taaluma kwa pamoja, alilipwa kufanya mambo mengine. Hakukuwa na kiti cha profesa wa fasihi ya Kikamba mahali popote. Theolojia ilikuwa na mshahara, ngewa, yaani hadithi, hazikuwa nao. Hata hivyo hakuiacha lugha yake. Mwishoni mwa 2014, akiwa ametimiza miaka 83, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Mtu mwenye nguvu za kufanya kazi kama hiyo uzeeni angeweza kutuachia juzuu ngapi za hadithi kama angelipwa kwa ajili yake? Mimi naona hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika hesabu hii, na haimo katika bajeti yoyote.

Ni haki kusema kwamba Mbiti hakuwa wa kwanza. Mmishonari Ludwig Krapf, yule aliyeuona mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850. Msweden Gerhard Lindblom alikaa Ukambani 1911 na 1912, akaondoka na madaftari yaliyojaa. Juzuu zake 3 za masimulizi ya Wakamba zilitoka kati ya 1928 na 1935. Tazama mwendo: kutoka mwaka aliouacha uwanja hadi juzuu ya mwisho ni miaka 23. Kusikiliza kulichukua muda mfupi, na kilichofuata kikachukua sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapopanga kazi ya namna hii. Wanapanga bajeti ya safari, rekoda na soda za wazee, kisha wanadhani wamemaliza. Tufanye hesabu yenyewe, kwa viwango ambavyo kila msomaji anaweza kuvibadilisha akiona nimepunja au nimezidisha.

Chukua hadithi 100 za Kanyangi. Wadi hii ni mojawapo ya wadi 4 za Kitui Rural, pamoja na Kisasi, Mbitini na Kwavonza/Yatta. Ni nchi kavu, ya ndengu, kunde na mbaazi, inayotegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Ng'ambo ya mto Athi ni Makueni. Kutokana na mvua hizo, usiende kurekodi Novemba, kwa sababu kila mwenye mikono yuko shambani anapalilia na jioni amechoka. Agosti ni bora: ardhi imekauka, watoto wako likizoni, na jioni ni ndefu.

Tuseme hadithi moja ni dakika 6. Zipo za sungura na fisi zisizofika 3, na zipo za mazimwi, zenye nyimbo zinazorudiwa na wasikilizaji wote, ambazo hupita 15. Kwa wastani wa 6, hadithi 100 ni dakika 600, saa 10. Ukirekodi saa moja na nusu kwa jioni, unahitaji jioni 7. Wiki moja tu. Faili zake, zikihifadhiwa bila kubanwa kwa ubora wa santuri za CD, ni kama megabaiti 635 kwa saa, jumla gigabaiti 6.35. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha na nafasi inabaki.

Wiki imekwisha, flashi iko mfukoni, na mtu anajiona ameokoa utamaduni. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya pili ni kuitia sauti kwenye maandishi. Anayeandika mahojiano ya kawaida kwa lugha aliyoizoea kuiandika humaliza saa moja ya sauti kwa saa 4 hadi 6. Kikamba ni kigumu zaidi kukiandika kuliko kukisema. Kina irabu 7, zikiwemo ĩ na ũ ambazo watu wengi huziacha bila alama kwa sababu kibodi ya simu haizileti haraka. Kina toni zisizoandikwa kabisa. Mzee naye ana maneno ambayo kijana wa miaka 22 hajawahi kuyasikia, na itabidi arudi kumuuliza. Weka saa 10 kwa kila saa ya sauti. Saa 10 za Kanyangi zinakuwa saa 100 za kuandika, ambazo kwa saa 7 kwa siku ni kama siku 14.

Hatua ya tatu ni tafsiri. Msimulizi wa kawaida hutoa maneno kama 120 kwa dakika, hivyo hadithi ya dakika 6 ina maneno 720, na hadithi 100 zina maneno 72,000. Mfasiri makini hutoa maneno 2,000 kwa siku. Hizo ni siku 36. Hatua ya nne ni kusahihisha: mtu mwingine, anayekijua Kikamba kuliko wewe, asikilize huku akisoma, maneno 5,000 kwa siku. Siku 15.

Jumlisha: 7, 14, 36 na 15 ni siku 72. Kurekodi kumechukua siku 7 kati ya hizo, chini ya asilimia 10. Tafsiri peke yake imekula nusu nzima. Lindblom angekuambia hivyo hivyo.

Sasa pesa. Nimeweka shilingi 2,500 kwa siku kwa kila mfanyakazi, kiasi ambacho mhitimu wa chuo asiye na ajira hawezi kukidharau. Siku 72 ni shilingi 180,000. Ongeza shilingi 200 za shukrani kwa kila hadithi, ziende kwa msimulizi mkononi, ambazo ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 200,000, sawa na shilingi 2,000 kwa hadithi moja. Ukiona saa 10 za kuandika hazitoshi, weka 20. Utaongeza siku 14 na shilingi 35,000. Hesabu haivunjiki.

Je, kitabu? Kwa maneno 300 kwa ukurasa, maneno 72,000 ni kurasa 240. Kikamba upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kurasa 480. Sizungumzii mchapishaji wa Nairobi bado, ambaye akishakubali, kitabu chake kitatozwa VAT ya asilimia 16 kama vitabu vingine tangu sheria ya 2013. Nazungumzia fotokopi. Kwa shilingi 5 kwa ukurasa, nakala moja ni shilingi 2,400, na nakala 20 za kugawa shuleni na kwenye maktaba ni shilingi 48,000. Kazi yote, kuanzia bibi hadi dawati la mwanafunzi, shilingi 248,000.

Nimechagua 100 kwa makusudi, na hapa tunarudi Urusi. Vladimir Propp, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1895 na kufariki huko huko, wakati huo ukiitwa Leningrad, mwaka 1970, ndiye aliyezifungua ngano za Afanasyev na kuzihesabu viungo. Katika kitabu chake cha 1928 kuhusu umbo la ngano, alichukua ngano 100 za mkusanyiko huo, zile za maajabu, akaonyesha kwamba matendo ya wahusika yanaangukia katika aina zisizozidi 31, na wahusika wenyewe katika nafasi 7. Mtoto anakatazwa kitu, anakiuka, adui anaingia, shujaa anaondoka, anajaribiwa, anapewa kifaa cha ajabu. Aliyewahi kukaa katika darasa la fasihi simulizi chuoni amelisikia jina la Propp. Kilichonivutia mimi ni tamko lake la kiuchumi: alisema kwamba ngano 100 zinatosha, kwa sababu ukishaona matendo mapya hayaongezeki, kuongeza ngano hakukupi tendo jipya.

Kwa hiyo kwa anayetafuta umbo, shilingi 200,000 za Kanyangi zinatosha, na anaweza kuanza kubishana na Propp kesho. Je, hadithi ya Mkamba ina matendo yale 31? Nyimbo za katikati, ambazo bila hizo zimwi halifungui mlango, zinakaa wapi katika orodha yake? Binafsi nadhani orodha hiyo, iliyotokana na ngano za Kirusi zilizoandikwa bila sauti, ina upofu kwa upande wa wimbo. Lakini hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kubishana. Linahitaji maandishi.

Kwa anayetafuta historia, 100 hazitoshi. Historia ya fasihi huishi kwenye tofauti: hadithi ile ile ikisimuliwa Kanyangi ina mto Athi, ikisimuliwa Kilungu ina mlima, na ikisimuliwa na mwanamume mwisho unabadilika. Anayeandika historia anataka zote. Zidisha basi kwa 15 ili ufikie kiwango cha Mbiti, hadithi 1,500. Unapata saa 150 za sauti, gigabaiti 95, maneno 1,080,000, siku 1,080 za kazi, na shilingi milioni 3. Mtu mmoja akifanya siku 250 kwa mwaka atahitaji miaka 4 na miezi kadhaa, na watu 4 watamaliza kwa mwaka mmoja na kidogo. Kurasa za lugha mbili ni 7,200, yaani juzuu 15 za unene wa ile ya kwanza.

Milioni 3 ni nyingi au ni kidogo? Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kaunti ya Kitui kutoka serikali kuu ulikuwa shilingi bilioni 10.39, na wa Makueni bilioni 8.13. Milioni 3 katika mgao wa Kitui ni chini ya shilingi 3 katika kila 10,000. Laki mbili za Kanyangi ni chini ya shilingi 2 katika kila 100,000. Jedwali la nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za asili. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inadai idhini ya wenye mali kabla ya kuitumia. Kwa hiyo mkusanyaji aende na fomu, aieleze kwa Kikamba, na msimulizi aweke sahihi au dole gumba. Hilo halina gharama kubwa isipokuwa adabu na nusu saa.

Ninajua jibu la afisa wa bajeti: kwanza maji. Kanyangi kuna ukame, na hakuna atakayebishana na mama anayesukuma mitungi. Lakini shilingi 248,000 hazichimbi kisima, na wala hakuna anayependekeza zitolewe kwenye fungu la kisima. Fungu la utamaduni lipo tayari. Mara nyingi huishia kwenye hema, vikundi vya ngoma vinavyosubiri mgeni rasmi hadi saa tisa, na fulana zenye picha ya kiongozi. Fulana moja ikifuliwa mara 20 imekwisha.

Kuna wanaosema kazi hii itafanywa na mashine, tusubiri. Hapa pia kuna namba. Kikamba kimo katika FLORES-101, mkusanyiko wa sentensi 3,001 zilizotafsiriwa katika lugha 101 ili kupima programu za tafsiri. Kimo pia katika FLEURS, mkusanyiko wa sauti uliojengwa juu ya sentensi hizo hizo. Ni habari njema: lugha yetu imehesabiwa. Lakini sentensi zenyewe zilitolewa kwenye kurasa za Kiingereza za Wikipedia na ndugu zake, zikapewa wafasiri. Zina maneno kama 21 kila moja, jumla kama 63,000. Hadithi 100 za Kanyangi, kwa maneno 72,000, zinazidi hapo. Wiki moja ya jioni za Agosti na siku 65 za dawati zinaweza kutoa Kikamba kingi kuliko kipimo hicho chote, tena Kikamba kilichosemwa na mtu aliyekuwa anafikiri kwa Kikamba. Mashine iliyofundishwa kwa maandishi ya namna hiyo ndiyo itakayoweza baadaye kupunguza zile saa 10 za kuandika. Kumbe anayesubiri mashine anasubiri kitu ambacho yeye ndiye anayepaswa kukilisha.

Nani afanye? Si lazima atafutwe mbali. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake 2013, kiko Kwa Vonza, ndani ya eneo bunge lile lile la Kanyangi. Wanafunzi wanaosomea fasihi wapo. Redio za Kikamba, Musyi FM miongoni mwao, zina studio na wasikilizaji. Kilichokosekana ni wa kuwaunganisha na kuwalipa siku 72.

Na mfano wa kazi ya pamoja upo, tena una Mrusi ndani yake. Mwaka 1989 Elena Bertoncini Zúbková, aliyezaliwa Slovakia na kufundisha Naples, alitoa kitabu cha historia ya nathari na tamthilia za Kiswahili, Outline of Swahili Literature. Toleo la pili, lililopanuliwa sana, lilitoka Leiden mwaka 2009. Miaka 20 ilipita, na majina kwenye jalada yakatoka 1 hadi 4: yeye mwenyewe, Mikhail Gromov kutoka Urusi ambaye amekuwa akifundisha Nairobi, Said A. M. Khamis wa Zanzibar, na Kyallo Wadi Wamitila wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwandishi wa Bina-Adamu! na wa Kamusi ya Fasihi. Watu wanne kutoka pande nne, na bado ni fasihi iliyokwisha kuchapishwa, yenye vitabu unavyoweza kuvishika na kuvisoma. Hawakuhitaji kumsubiri mtu amalize kukamua ng'ombe ndipo aanze kusimulia. Sasa linganisha na Kikamba, ambacho sehemu kubwa ya fasihi yake haina jalada. Huwezi kuandika historia ya kitu ambacho hakijaandikwa. Kwanza mkusanyaji, kisha mwanahistoria. Bila Afanasyev, Propp angekuwa mwalimu wa Kijerumani tu, kazi aliyoifanya miaka mingi kwa ajili ya riziki.

Kuhusu muda, hesabu ni fupi. Msichana aliyekuwa na miaka 20 Akamba Stories ilipotoka anatimiza 80 mwaka 2026. Alizaliwa 1946. Nyanya aliyemsimulia jikoni alizaliwa karibu na siku ambazo reli ilikuwa inajengwa. Baina yao wawili kuna zaidi ya karne moja ya masimulizi, na mlango wake uliobaki wazi ni huyo mmoja wa 1946.

Wapo watakaosema shilingi 200 kwa msimulizi ni dharau, na wengine watasema kumlipa ni kuuza utamaduni. Nasimama na wa kwanza: ikiwezekana aongezwe. Mfasiri analipwa, mwenye fotokopi analipwa, hata mwenye bodaboda analipwa. Haieleweki kwa nini mwenye hadithi ndiye peke yake atakiwe kutoa bure. Na jina lake liandikwe juu ya hadithi yake, kama ameridhia, si katika orodha ya shukrani ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo, hukumu yangu: hadithi 100 za Kanyangi ni mradi wa shilingi 248,000 na miezi mitatu na nusu hivi ya kazi kwa mtu mmoja. Uko ndani ya uwezo wa kaunti, ndani ya uwezo wa chama cha wanakijiji walioko Nairobi na Mombasa, hata ndani ya uwezo wa harambee moja ya wastani. Hadithi 1,500 ni mradi wa kaunti, na Kitui na Makueni zikichanga nusu kwa nusu ni milioni moja na nusu kila moja.

Wewe msomaji mwenye susu, yaani bibi, aliye hai Kanyangi, Kisasi au ng'ambo ya Athi huhitaji kusubiri fungu. Agosti ukienda nyumbani, omba ruhusa, weka simu mezani, iweke katika hali ya ndegeni isije ikaita katikati, na urekodi. Mwanzoni mwa sauti taja jina lake, kijiji, tarehe, na aliyemsimulia yeye. Usimkatize. Weka nakala tatu mahali patatu tofauti, moja isiwe kwenye simu. Kisha tenga saa 10 kwa kila saa moja uliyorekodi, uandike, na uzitie alama zile ĩ na ũ.